Chupa za Mama Mkwe

Jumatano, 27 Oktoba 1993

Tumemaliza! Vidole vimebabuka kwa siki na pilipili, hata kalamu inaniwasha. Lakini tumemaliza. Ghala la chini limejaa mpaka ngazini.

Viazi na karoti vimefukiwa mchangani. Matufaha yamelazwa kwenye mabua, moja moja, yasigusane. Kabichi ziko kwenye pipa, jiwe juu. Maboga mume wangu Jumberi kayapanga juu ya kabati na binti yetu Tamta kayapa majina ya walimu wake. Lile lenye chunjua ndilo mwalimu mkuu. Na chupa — rafu zote nne za ukuta wa kaskazini! Nyanya, matango, maharage mabichi, mchuzi wa plamu, pilipili hoho, bilingani na kitunguu saumu.

Mwaka huu mifuniko mipya ya bati haikupatikana sokoni. Tumetumia ya zamani. Tumeinyoosha kwa nyundo, tukaichemsha, tukaikaza kwa mashine ya mkono. Siki nayo ilikuwa haba. Nikamuuliza mama mkwe kama bilingani zitakaa bila kuharibika.

"Nimeanza kufunga chupa wewe hujazaliwa, mwanangu. Shika kitambaa."

Nikashika kitambaa.

Umeme bado. Redio ya betri inasema mapigano yamesogea upande wetu wa nchi. Jumberi akaizima. Akasema wapigane watakavyo, sisi njaa haituoni mwaka huu.

Jumapili, 7 Novemba

Foleni ya mkate tangu alfajiri, nimerudi mikono mitupu. Unga wa mahindi tunao, basi. Tutakula mkate wa mahindi.

Venera wa jirani kaja kuazima mashine ya kukazia mifuniko. Yeye na mama mkwe wakianza hawamalizi.

"Shangazi Agrapina, mwaka huu kwenye matango nimekuacha mbali."

"Matango yako? Yale yanayokunjika kama soksi?"

"Shota anayala mpaka anakunywa maji yake!"

"Shota angekunywa hata maji ya soksi, maskini, kwa njaa unayomshindisha."

Tumecheka mpaka Venera akakaa chini. Ni mara chache siku hizi. Mumewe, Shota, alisoma na Jumberi tangu darasa la kwanza. Ukuta wetu na wao ni ua tu wa matete.

Jumanne, 23 Novemba

Sikukuu ya Mtakatifu Giorgi. Vita au si vita, meza iliandaliwa. Kuku mmoja, jibini, maharage ya kuponda, mkate wa mahindi wa moto, na mama mkwe akashuka ghalani akapanda na chupa ya bilingani, ya kwanza kufunguliwa mwaka huu. Akaifungua mbele ya watu. Harufu ya kitunguu saumu ikajaa nyumba nzima.

Shota alikuja peke yake, Venera alibaki na wavulana wenye mafua. Wanaume wakanyanyua glasi — kwa Mtakatifu, kwa waliokufa, kwa amani, kwa waliokufa tena. Mama mkwe hakai mezani siku ya wageni. Anasimama nyuma ya wanaume na kujaza sahani. "Kula, mwanangu, kula," anamwambia Jumberi kama mtoto. Tamta alionja bilingani akatema kwenye sahani. Nikamfinya. Mimi sikupata kuonja, nilikuwa jikoni na mikate. Nilipotoka, Jumberi na Shota walikuwa wakifuta chupa kwa mkate, wakigombea mafuta ya chini.

Siku nzuri. Niandike hivyo. Ilikuwa siku nzuri.

Jumatano, 24 Novemba

Jumberi kaamka na kinywa kikavu, anakunywa maji kama ng'ombe. Nikamwambia mvinyo ule si wa kuchezea. Mchana akanitazama akasema:

"Lamara, leo mko wawili."

"Basi mmoja akapike, mwingine akalale."

Tukacheka. Venera naye akapiga kelele kutoka ng'ambo ya ua, eti wa kwake hata kope hazifunguki, tumempa nini? Mama mkwe akamjibu kuwa vijana wa siku hizi hawajui kunywa.

Jioni nikampa Jumberi mchuzi. Ukatoka puani.

Hakuna anayecheka sasa. Anaongea kama ana pamba mdomoni. Kope zimemshuka. Akili anayo timamu, anajua kila kitu, anatutazama kwa ule upenyo mdogo uliobaki chini ya kope. Nimekwenda kwa Venera kuazima gari la Shota. Nimemkuta Shota yuko hivyo hivyo. Vibaya zaidi.

Alhamisi, 25 Novemba

Gari la Shota halina petroli. Trekta la ushirika, trela, nyasi kavu chini, wote wawili wamelazwa ubavu kwa ubavu. Mimi upande huu, Venera upande ule. Mama mkwe mbele, amelishika koti la dereva, anamfokea aendeshe, anamfokea asitikise. Theluji ya kwanza imetuangukia njiani.

Hospitali ya wilaya haina moto. Daktari Rusudan amevaa koti juu ya koti. Amemnyanyua Jumberi kope kwa kidole, akaiachia, ikaanguka. Akamfanyia Shota vilevile. Hakupima kingine.

"Mmekula nini cha chupa?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Cha chupa? Wamekula chakula cha nyumbani. Kisafi. Nimekifunga kwa mikono yangu."

"Ndiyo hicho, mama," daktari akasema. Kwa upole. Ningependa angepiga kelele.

Anasema ni sumu inayozaliwa ndani ya chupa pasipo hewa. Haina harufu. Haina ladha. Inalegeza macho, koo, kisha kifua. Dawa yake ipo ila haipo hapa, ameagiza kwa simu ya polisi, itatoka mji mkuu kama barabara itafunguliwa. Akauliza nani mwingine kala. Nikamwambia ni wao wawili tu, na Tamta alitema. Akaniuliza alitema yote? Alitema yote?

Nimemtuma dereva arudi kumtazama Tamta, tuliyemwacha kwa majirani pamoja na wavulana wa Venera. Anitazamie kope zake.

Ijumaa, 26 Novemba

Tamta mzima. Mungu wangu, Tamta ni mzima, anachora. Dereva kamwambia achezeshe macho na yeye akadhani ni mchezo.

Shota tangu asubuhi hapumui mwenyewe. Wamemwingiza mrija kooni. Mashine ya kupumulia ipo, lakini bila umeme ni kabati tu. Kwa hiyo kuna mpira — unaubinya, hewa inaingia, unaachia, hewa inatoka. Venera anabinya. Akichoka nabinya mimi. Shota anatusikia. Chozi linamtoka upande mmoja.

Dawa imefika adhuhuri, na gari la maziwa. Daktari Rusudan katoka ofisini, kafunga mlango nyuma yake, kasimama mbele yetu. Mimi na Venera tulikuwa benchi moja, tumejifunika blanketi moja.

Imekuja ya mtu mmoja.

Akaeleza. Kwamba dawa inazuia sumu iliyobaki, hairudishi kilichokwisha haribika. Kwamba Jumberi bado anapumua mwenyewe kidogo. Kwamba ameagiza nyingine.

"Tumekuja trela moja," Venera akasema. "Si tumekuja trela moja?"

Daktari akasema ndiyo, anajua.

Venera akanigeukia. Sikusema kitu. Nilipaswa kusema kitu! Lakini moyoni nilifurahi. Hapa hasomi mtu, basi niandike: nilifurahi. Nilitazama sindano ikiingia mkononi mwa mume wangu na nilifurahi, na blanketi la Venera lilikuwa bado begani kwangu.

Jumapili, 28 Novemba

Shota amefariki asubuhi, kengele za kanisa zikilia. Venera aliendelea kubinya mpira. Daktari alimshika mikono, na yeye akaendelea.

Dawa ya pili haijafika.

Jumberi naye sasa yuko kwenye mpira. Dawa haikumzuia kufika huko. Daktari anasema itamzuia kufika mbali zaidi. Nabinya mimi, anabinya mama mkwe, anabinya muuguzi. Umeme ukija, saa mbili tatu, mashine inafanya kazi na sisi tunalala sakafuni palepale.

Zamu ndefu ni ya mama mkwe. Anabinya tu, midomo inacheza. Nilidhani anasali. Nikasogea nisikie. Alikuwa anataja: chumvi, siki, saumu, maji ya moto. Chumvi, siki, saumu, maji ya moto. Anatafuta alipokosea.

Jumatano, 1 Desemba

Mazishi. Nilimwacha Jumberi kwa muuguzi nikapanda trekta kwenda kijijini, na mama mkwe akapika. Nilimsihi asipike. Akasema hajawahi kwenda msibani mikono mitupu na hataanza na msiba wa Shota. Maharage makavu, sufuria kubwa, hakuna cha chupa hata kimoja. Akaifunga kwa kitambaa cheupe.

Wanawake walikuwa getini wanapokea vyakula. Walimwona anakuja. Hakuna aliyenyanyua mkono. Hawakumtukana, hapana — walitazama pembeni tu, kila mmoja akapata cha kufanya na kilemba chake. Akasimama na ile sufuria. Uzito ule, na umri ule! Mwishowe akaiweka chini kwenye theluji, kando ya mlango, akaingia kumlilia Shota.

Ndani, Venera alikuwa amekaa kichwani mwa jeneza. Mama mkwe akapiga magoti.

"Venera, mwanangu."

"Umemaliza kulia, Shangazi? Wengine wanangoja zamu."

Tulipotoka, sufuria ilikuwa palepale, kitambaa hakijafunguliwa. Theluji imekaa juu yake. Niliibeba mimi.

Ijumaa, 3 Desemba

Tamta kanihadithia, mimi nilikuwa hospitali. Venera katoa chupa zote ghalani kwake kwa toroli, safari baada ya safari, akazimwaga korongoni nyuma ya nyumba. Zote. Matango, nyanya, peasi, kila kitu. Wavulana wake walisimama ukingoni wanatazama. Mdogo alilia kwa ajili ya peasi.

Kijiji kizima kilisikia vioo vikivunjika. Tamta anasema bibi alifunga madirisha.

Jumatatu, 20 Desemba

Jumberi kanyanyua kidole! Cha mkono wa kulia. Daktari kaomba arudie na akarudia.

Anapumua mwenyewe kwa muda, kisha anachoka, tunarudisha mpira. Amekonda, mbavu nazihesabu kwa macho. Leo kaandika kwa kile kidole kiganjani mwangu. SHOTA? Nikamwambia yuko wodi nyingine. Akafumba macho. Nadhani anajua. Alikuwa anasikia tangu mwanzo.

Jumamosi, 1 Januari 1994

Nimekuja nyumbani kumwona Tamta. Mama mkwe kaandaa meza ndogo karibu na mlango — mvinyo, asali, mkate — kwa ajili ya mgeni wa kwanza wa mwaka, yule anayeingia na heri. Kila mwaka alikuwa Shota. Miaka yote alikuwa Shota.

Amekaa kwenye kiti tangu asubuhi, amevaa gauni lake la kanisani. Watu wamepita barabarani. Tuliwasikia wanavyopunguza sauti wakifika getini kwetu, kisha wanapandisha tena.

Saa tisa Tamta akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akabisha mlango wa mbele. "Nimeleta heri!" Bibi yake akamfungulia. Akampa asali. Kijiko juu ya kijiko, mpaka mtoto akasema basi, Bibi.

Alhamisi, 13 Januari

Jumberi yuko nyumbani. Anatembea na fimbo, hatua chache, anakaa. Sauti inapitia puani. Anameza uji tu. Akitaka kunitazama vizuri ananyanyua kope kwa kidole.

Nimemwambia kuhusu Shota. Na kuhusu dawa. Akauliza nani aliamua. Nikasema daktari. Akauliza, "Na wewe ulisema nini?"

Nikaenda kukoroga uji.

Daktari Rusudan kaniagiza, amenirudisha mlangoni mara mbili kuniagiza: Chupa iliyovimba mfuniko, fukia mbali na kisima, usionje. Nyingine, kabla ya kula, toa yote kwenye sufuria, chemsha itokote sana, robo saa nzima, ukikoroga. Moto unaiua hiyo sumu. Nikamuuliza una uhakika? Akasema, "Mimi mwenyewe nina ghala, Lamara. Unadhani ninakula nini?"

Jumatano, 19 Januari

Balaa juu ya balaa. Tulipokuwa hospitalini mlango wa ghala haukufungwa vizuri. Baridi ya mwezi mzima imeingia. Viazi vya juu vimeganda, sasa vinayeyuka na kuoza na kuozesha vya chini. Nimechambua siku nzima, pua imefungwa kitambaa. Vilivyopona ni ndoo moja. Matufaha yamekuwa kahawia. Karoti, kabichi na maboga vimekwisha, mwalimu mkuu tumemla wiki iliyopita.

Chupa tu ndizo zinazong'aa. Rafu kwa rafu. Hazijaguswa.

Jumanne, 25 Januari

Lazima niandike haraka.

Mama mkwe anashinda ghalani. Nilidhani anachambua viazi. Leo nikashuka kumwita ale uji. Amekaa kwenye kreti, mgongo kwangu, chupa ya bilingani mapajani, imefunguliwa, kijiko mkononi. Miguuni chupa nyingine tatu, zote wazi, kila moja imechotwa kidogo.

Nikapiga kofi mkono ule. Mimi! Nimempiga mama mkwe mkono! Kijiko kikaruka ukutani.

"Umekula? Umekula, Mama?"

"Hizi tatu nimezila. Juzi, jana, na leo asubuhi. Ziko salama." Anaongea kama mtu anayehesabu kuku. "Nazionja moja moja. Nikianguka, mtajua ni ipi, nyingine mtakula. Mtoto ana njaa, Lamara. Unadhani sisikii tumbo lake?"

"Na ukifa?"

"Shota amekufa."

Nikakaa chini pale pale kwenye viazi vilivyooza. Nikamwambia alivyosema daktari. Kuchemsha. Robo saa. Alikuwa hajui! Sikuwa nimemwambia. Niliogopa kulitaja neno chupa mbele yake, na yeye kumbe anakunywa kifo kwa kijiko.

Akauliza, polepole: "Kwa hiyo siku ile, tungeichemsha tu?"

Nikaokota kile kijiko. Akauliza tena. Nikasema ndiyo, Mama.

Akaanza kulia sauti kubwa, kwa mara ya kwanza, mpaka Jumberi akaja na fimbo yake juu ya ngazi anauliza nani tena, nani tena.

Jumatano, 26 Januari

Namtazama kope. Asubuhi, mchana, jioni. Anajua namtazama, ananifumbulia macho kwa makusudi. "Bado uko mmoja, usijisumbue."

Tumechambua chupa pamoja. Zilizovimba tumezitenga, tisa, saba za bilingani na mbili za maharage. Ardhi imeganda, Jumberi kawasha moto wa mabua juu yake ndipo jembe likaingia. Mama mkwe kazipanga shimoni mwenyewe, zimesimama, kama vile zinakwenda rafuni.

Jumapili, 30 Januari

Mama mkwe hana kitu. Mzima kabisa. Jana nimechemsha nyanya na maharage, nikala peke yangu kwanza, nikangoja. Leo niko sawa. Jumberi kala ya kuponda, mama mkwe kala. Hakuna utamu, mboga zimekuwa uji, lakini ni chakula.

Tamta simpi. Yeye anakula mkate wa mahindi na yai kuku akitaga. Kesho nitampa, nasema. Sijampa.

Jumatano, 9 Februari

Unga umebaki chini kabisa ya gunia. Kuku hatagi.

Nimemwona mvulana mdogo wa Venera anachimba theluji kule korongoni. Nilidhani anacheza. Alikuwa anatafuta peasi kati ya vioo. Nikamwita, akakimbia, mkono unavuja damu.

Nikamweleza mama mkwe. Akashuka ghalani, akapanda na chupa mbili za maharage, akaziweka mezani, akazitazama. Akazirudisha.

"Nizipeleke mimi? Mimi, nyumba ile?"

Jumberi akasema kwa ile sauti ya puani kwamba atakwenda yeye. Alifika kwenye ua wa matete, akasimama pale ameshika fimbo. Akarudi.

Jumamosi, 12 Februari

Naandika kwenye kona ya jiko, maana nikikaa bila kufanya kitu nitapiga kelele. Sufuria iko motoni. Venera yuko hapa.

Kaja mchana huu. Hakubisha. Nguo nyeusi tangu kichwani, uso umebaki pua na mashavu mawili yaliyoingia ndani. Wavulana wake wawili nyuma yake, mdogo ana kitambaa mkononi. Hakutusalimu. Tamta ndiye aliyesema, "Karibu, Mama Venera."

"Nyumbani kwangu hakuna kitu," akasema. Alikuwa anaongea na ukuta. "Nilivunja. Mlisikia wote nilivyovunja. Nimezunguka kijiji kizima, kila mtu ana cha kwake na watoto wake. Kwenu nimekuja mwisho."

Mama mkwe alikuwa tayari ameshika ufunguo. "Chukua, mwanangu. Chukua rafu nzima, chukua mbili—"

"Mnakula nyinyi?"

Nikamweleza. Kuchemsha, robo saa, kukoroga, maneno yote ya daktari. Nikamwambia tunakula sote tangu mwezi uliopita, tazama, tuko wazima.

"Wote?"

"Wote."

"Tamta nimemkuta kisimani," Venera akasema. "Nimemuuliza. Kasema yeye hapewi."

Niliona haya mpaka masikio. Tamta akanitazama — kwani alikosea kusema?

"Sikuja kugombana," akasema Venera. Sasa ndipo alipokaa, kwenye kiti cha karibu na mlango, wavulana wamesimama ubavuni. "Pika. Pika hizo hizo, za wakati ule ule. Atakula mwanao kwanza, mbele yangu. Kisha watakula wangu. Asipokula, nitaondoka nao, na kitakachotukuta kitatukuta."

Mama mkwe akasema atakula yeye. Venera akamwambia wewe, Shangazi, umeshaishi. Jumberi akajikokota kutoka kitandani, kanyanyua kope kwa kidole amwone, akasema, "Venera, nipe mimi. Mimi nile."

"Wewe ulipewa," akamwambia. Hakupandisha sauti. "Kaa chini, Jumberi, utaanguka."

Akakaa.

Basi nimeshuka ghalani. Nimesimama mbele ya rafu nikiwa na taa. Ningeweza kuchukua nyanya! Zina uchachu, daktari alisema hizo ni salama zaidi. Lakini amesema za wakati ule ule, za ile chupa ya Shota, na wanawe ndio watakula. Nimechukua bilingani. Nimepapasa mfuniko mara kumi. Bapa. Haujavimba. Ule wa Novemba nao haukuwa umevimba, mama mkwe aliufungua mbele ya watu wote.

Inatokota. Robo saa ilikwisha zamani. Nimeongeza kuni, nimeongeza maji, nakoroga, naandika, nakoroga. Najua moto unaiua. Nimekula mwenyewe. Najua. Nawalisha wengine kwa kujua huko huko.

Mvulana mdogo ameshindwa kusubiri, amesogea karibu na jiko, ananusa. Venera amemvuta kwa kola.

"Imeiva hiyo, Lamara," anasema. "Inaungua sasa."

Kweli inaungua. Mama mkwe ameepua, mimi sikuweza. Amepakua kijiko kimoja kwenye sahani ya Tamta na anakipuliza kipoe. Jumberi ameshika kope zake mbili kwa vidole viwili, anatazama.

"Mama," Tamta ananiuliza, "nile?"